Opera Iliyozaliwa Mahakamani: Vipimo vya Kuitambua Iliyo Bora

Bango likikuambia kwamba opera imetokana na kesi ya kweli, usiipe maksi kwa sababu hiyo pekee. Mtunzi Ruggero Leoncavallo alidai kwamba Pagliacci, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Milan mwaka 1892, ilitokana na kesi iliyosikilizwa na baba yake, hakimu wa huko Calabria. Ni kweli kulikuwa na mauaji mwaka 1865, na aliyeuawa alikuwa mtumishi wa familia yao. Lakini yule mchekeshaji anayemuua mkewe jukwaani mbele ya watazamaji hayumo katika kesi ile, na opera inaendelea kuimbwa hadi leo. Jalada la kesi ni malighafi tu. Kinachopimwa ni ufundi, na vipimo vyake vikubwa ni vinne.

Fundo la kesi

Kesi ina mashahidi, vielelezo, mapingamizi na maahirisho. Neno likiimbwa huchukua muda mrefu kuliko likisemwa, kwa hiyo mengi ya hayo lazima yaachwe. Angalia kama mwandishi amelipata lile swali moja linalobeba shauri zima.

Toni Morrison alilipata katika Margaret Garner, aliyoiandika kwa muziki wa Richard Danielpour na kufunguliwa Detroit mwaka 2005. Januari 1856, Margaret, mtumwa wa Kentucky, alivuka na familia yake Mto Ohio ulioganda barafu, wakafika Cincinnati. Walipozingirwa, alimuua binti yake mdogo ili asirudishwe utumwani. Mawakili wakabishana: ashtakiwe kwa mauaji, kama binadamu, au arudishwe kwa bwana wake, kama mali? Akarudishwa, na kesi ya mauaji haikusikilizwa kamwe. Katika opera, Morrison anampandisha kizimbani kwa kosa la kuharibu mali ya bwana wake, kisha anahukumiwa kifo. Historia imepindwa, lakini imepindwa kuelekea kwenye fundo lenyewe. Badiliko la aina hiyo lihesabu kama sifa. Linalochomeka penzi pasipo na penzi, au kumpaka mhusika utakatifu asiokuwa nao, lihesabu kama kasoro.

Siri isiwekwe akiba

Opera inayotegemea swali la nani aliua huchosha ukiisikiliza mara ya pili. Dead Man Walking ya mtunzi Jake Heggie na mwandishi Terrence McNally, iliyofunguliwa San Francisco mwaka 2000, inaonyesha uhalifu wenyewe mwanzoni kabisa: vijana wawili usiku, redio ya gari ikipiga muziki, kisha mauaji. Tangu hapo hakuna wa kubahatisha. Kinachobaki ni kama muuaji, Joseph De Rocher, atakiri kabla ya kunyongwa kwa hukumu, na kama Sista Helen, mtawa anayemtembelea gerezani, atamudu kumpenda mtu aliyetenda jambo lile. Kitabu cha Helen Prejean, kilichozaa opera hii, kinawazungumzia wafungwa wawili waliohukumiwa kifo. McNally akawaunganisha kuwa mhusika mmoja mwenye jina la kubuni, na hivyo akapata nafasi ya kuingia moyoni mwa muuaji bila kumzulia mtu halisi maneno.

Sauti kwa pamoja

Hiki ndicho kipimo kikuu. Mahakamani watu husema kwa zamu, na anayemkatiza mwenzake hukemewa. Muziki unaruhusu kile ambacho hakimu hukikataza. Katika opera hiyohiyo, baada ya kikao cha kuomba msamaha, wazazi wa waliouawa, mama yake Joseph na Sista Helen wanaimba kwa wakati mmoja. Msikilize mama mmoja mpaka mwisho, kisha rudia rekodi umsikilize mwingine. Kila uchungu una hoja yake, na hakuna unaoufuta wa mwenzake. Mtunzi dhaifu angewapa wote wimbo mmoja, wengine juu na wengine chini, na mgogoro ungegeuka kuwa kwaya.

Sura ya mamlaka

Polisi na waendesha mashtaka huwaponza watunzi wengi, wakaishia kuwa majitu ya kuzomewa. Anthony Davis na mwandishi Richard Wesley walikuwa na mtihani huo katika The Central Park Five, iliyofunguliwa mwaka 2019 na kampuni ya Long Beach Opera huko California, na kushinda Tuzo ya Pulitzer mwaka 2020. Inahusu vijana watano waliokamatwa New York mwaka 1989 na kutiwa hatiani, kisha hukumu zao zikafutwa mwaka 2002. Wenye mamlaka kadhaa wanaimbwa na mtu mmoja, Masque, anayebadilisha sura. Hapo msikilizaji anatambua kwamba tatizo si afisa mmoja mbaya, ni mfumo. Kipimo chenyewe ni chumba cha mahojiano: je, muziki unakufanya uelewe jinsi mtoto asiye na kosa anavyofika mahali pa kukiri? Ukibaki unashangaa kwa nini alikiri, watunzi wameshindwa.

Kabla ya kwenda ukumbini, soma muhtasari wa kesi. Ukirudi, andika mahali patatu ambapo opera imeachana nao, na kwa kila mahali ujiulize watunzi wamepata nini kwa kuondoka kwenye jalada. Pakikosa jibu, jalada lilikuwa bora kuliko opera.