Marthia Iliyopinduliwa: Utunzi wa Isaya 14

Katika sura ya 14 ya kitabu cha Isaya, kabla ya anguko la mfalme wa Babeli kutajwa, wahamishwa wa Israeli wanaahidiwa, kwa maneno machache yasiyo na nakshi, kwamba watarejezwa katika nchi yao. Kisha, kwa ajili ya siku ile watakapopumzishwa taabu na utumwa, wanakabidhiwa wimbo. Kwa kuutanguliza urejeo na kuuchelewesha wimbo, mtunzi amemfanya aliyeonewa kuwa ndiye mwombolezaji wa aliyemwonea, tena mwombolezaji aliyekwisha kustarehe.

Na wimbo wenyewe ni marthia. Waanza kwa mshangao wa matangani, na mizani yake ya Kiebrania, kwa sehemu kubwa, ni ile ya vilio, mapigo matatu yakifuatwa na mawili, kama mwendo wa mtu achechemeaye nyuma ya jeneza. Lakini kila palipotazamiwa sifa na huzuni pametiwa furaha na stihizai. Misunobari na mierezi ya Lebanoni yashangilia kwamba, tangu alipolazwa huyo, hapana tena apandaye kuikata, na hapa, kwa rai yangu, ndipo penye ufundi wa hali ya juu, maana wafalme wa Ashuru na Babeli walijifaharisha katika maandishi yao kwa mierezi hiyo hiyo waliyoiangusha.

Huko kuzimu wafalme waliomtangulia wainuka vitini kumlaki, si kwa taadhima, bali kumwambia kwamba naye amedhoofika kama wao. Tandiko lake ni funza. Ndipo mtunzi aturudisha nyuma tumsikie dhalimu akijisemea moyoni, mara tano, kwamba atapanda, ataketi, atafanana na Aliye Juu, na baada ya ngazi ndefu kama hiyo amtupa shimoni kwa kauli moja.

Vita havisimuliwi, wala jina halitajwi. Wako wataalamu wamdhaniao Sargoni wa Pili wa Ashuru, aliyeuawa vitani mwaka 705 kabla ya Masihi na maiti yake isipatikane, kwa kuwa mfalme wa wimbo naye amekosa kaburi. Huenda, ila ukimya ule wa mtunzi naona ni wa makusudi, kwani Babeli ilipotwaliwa mwaka 539 na jeshi la Koreshi wa Uajemi, lililoingia mjini pasipo mapigano, wimbo haukuhitaji kubadilishwa hata neno moja.