Hilux iliyokosa pumzi

Kuunguza lita moja ya dizeli kunahitaji karibu lita 10,000 za hewa, na injini ya dizeli kwa kawaida huvuta zaidi ya hapo. Kwa hiyo gari linapotoa moshi mweusi na kulegea mlimani, kukimbilia nozeli ni kuanzia mwisho. Mafundi wengi huanzia huko, labda kwa sababu nozeli ndizo zenye hela.

Gari tunalolichambua hapa ni Hilux D-4D, injini 1KD-FTV ya lita 3, pikapu ya kazi inayoshinda kwenye machimbo ya Mererani. Mwamba wa huko una madini ya kinywe, na vumbi lake jeusi hujipaka kila kitu. Fundi aliyeletewa alifungua bomba lililo kati ya boksi la filta na tabo, akapitisha kitambaa cheupe ndani. Kikatoka na tope la rangi ya barabara. Baada ya filta, bomba linatakiwa liwe kavu na safi. Ukiona vumbi hapo, ringi za pistoni zimekwisha kuanza kusagwa. Filta yenyewe haikuwa na tatizo. Klipu moja ya boksi ilikuwa imevunjika, ikafungwa kwa waya, na mpira wa pembeni umelala kama chapati. Hewa ilikuwa inapita njia ya mkato.

Ubovu wa pili ulikuwa mbele zaidi. Valvu ya EGR hurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako na gesi za naitrojeni. Moshi huo una masizi. Bomba la kupumulia la injini nalo huleta mvuke wa oili. Vikikutana kwenye manifoldi vinakuwa lami. Ya gari hili ilikuwa imeganda hadi kidole kikapita kwa shida kwenye tundu la kuingilia silinda. Hewa ikipungua masizi yanaongezeka, na masizi yakiongezeka njia inazidi kuziba.

Usafishaji wake ndio ulionivutia. Hakupuliza dawa ya kopo huku injini ikiunguruma, kama tunavyoona barabarani. Donge likibanduka ghafla linaweza kukwama kwenye valvu, na dawa inayowaka ikivutwa kwa wingi, dizeli inaweza kujiendesha yenyewe hata ukizima swichi. Alitoa terminali hasi ya betri, akashusha intakula, kisha manifoldi nzima na valvu ya EGR. Masizi mazito aliyakwangua kwanza kwa kipande cha mti, ndipo akaloweka kwenye maji moto na sabuni ya kuondolea grisi. Kostiki soda aliikataa, maana inakula aluminiamu. Kazi ngumu zaidi ilikuwa matundu ya kichwa cha injini, ambayo hayashuki: alizungusha krenki kwa spana mpaka valvu za kuingizia hewa za silinda husika zikafunga, akakwangua huku mashine ya kufyonza vumbi ikivuta uchafu, akahamia silinda inayofuata. Sensa ya hewa alipuliza dawa ya kusafishia umeme bila kuigusa, akaiacha ikauke. Gasketi zote zikawa mpya.

Kwenye maboresho, mwenye gari alitaka filta ya pamba yenye mafuta, ile inayosifiwa kuongeza nguvu. Kwa barabara ya vumbi siioni faida yake. Tabo hufidia kizuizi kidogo cha filta, lakini haina namna ya kurudisha ukuta wa silinda uliosagwa. Halafu mafuta ya ile pamba yakizidi huishia kwenye sensa. Wakakubaliana filta ya karatasi, boksi jipya, na bomba refu la pembeni lenye kichwa cha kuzungusha hewa. Mapezi ya kichwa hicho huizungusha hewa kwa kasi, vumbi zito likatupwa pembeni na kuangukia kwenye bakuli kabla ya kuifikia filta. Bakuli lisiachwe lijae. (Lile tundu la kwenye boneti, ambalo wengi hudhani ndiyo pua ya injini, kazi yake ni kuipoza intakula tu.)

Kwenye bomba la kupumulia likawekwa kopo la kunasa oili. EGR haikuzibwa, ingawa mwenye gari alishawishi. Hapo naungana na fundi: kuziba kunaongeza gesi chafu, na ukipunguza oili, masizi makavu peke yake hayagandi haraka vile.

Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kilifungwa mwisho, kati ya filta na tabo: kipimo cha mvuto. Kwa dizeli nyingi zenye tabo, kikomo ni kama inchi 25 za maji, na kipimo kinaonyesha rangi nyekundu pale filta inapochoka kweli. Kabla yake, dereva alikuwa akiitoa filta kila wiki na kuipuliza kwa kompresa. Tabaka la vumbi juu ya karatasi husaidia kuchuja chembe ndogo zaidi, wakati upepo mkali huweza kuitoboa karatasi, na kila boksi linapofunguliwa vumbi kidogo huangukia upande safi. Sasa ameambiwa asiliguse boksi mpaka aone nyekundu, na siku hiyo anunue filta mpya.