Pongezi kwa Waongoza Watalii wa Kilwa Kisiwani

Nchini Tanzania mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Hapo wengi hufunga midomo: wanaogopa kukosea, wanaogopa kuchekwa.

Waongoza watalii katika magofu ya kisiwa cha Kilwa Kisiwani wanastahili pongezi kwa kuikabili hofu hiyo hadharani. Mashua ikishatia nanga karibu na ngome ya Gereza, kazi ya kueleza kwa Kiingereza inaanza: Msikiti Mkuu na kuba zake, jumba la Husuni Kubwa na birika lake la pembe nane, ziara ya msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Neno likimponyoka, mwongozaji hatahayari. Anagusa jiwe la matumbawe ukutani, anamuuliza mgeni linaitwaje, kisha anaendelea. Na mgeni mwenyewe, akiwa Mjerumani au Mwitaliano, Kiingereza naye alijifunza.

Anayeyajua vyema magofu haya, yaliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, hakosi la kusema. Walimu wa mkoa wa Lindi, wapelekeni wanafunzi wakawasikilize waongozaji hawa. Nawe unayejifunza, sema hicho hicho ulicho nacho; kosa la sarufi haliui mtu.