Samatar, Mkopeshaji wa Minneapolis

Hussein Samatar alifika Marekani katika miaka ya 1990, akikimbia vita vya Somalia, huku shahada ya uchumi ya Mogadishu ikiwa kichwani. Akaajiriwa na benki, akajifunza namna mikopo inavyotolewa na nani hunyimwa.

Akaondoka kuanzisha African Development Center, shirika la kuwafunza wahamiaji biashara na kuwakopesha mtaji.

Waislamu wengi wenye maduka walikwepa riba. Basi shirika likashirikiana na jiji la Minneapolis: badala ya riba, mkopaji alilipa faida iliyokubaliwa tangu mwanzo.

Mwaka 2010 alichaguliwa kwenye bodi ya shule za jiji, Msomali wa kwanza kushinda uchaguzi Minnesota. Alifariki Agosti 2013. Novemba mwaka huohuo, Msomali mwenzake, Abdi Warsame, akachaguliwa kwenye baraza la jiji.