Nyumba "Wazi" na Msafiri Aliye Ng'ambo: Uhakiki wa Istilahi Chache za Bima ya Nyumba

Tangu bima zilipotaifishwa mwaka 1967 hadi sheria ya mwaka 1996 ilipozifungulia mlango kampuni binafsi, mwananchi wa Tanzania Bara aliyetaka kuikatia nyumba yake bima alikuwa na dirisha moja tu la kuliendea, nalo ni la Shirika la Bima la Taifa. Hati aliyopewa aghalabu iliandikwa kwa Kiingereza, lakini nyuma ya dirisha alikuwapo karani. Neno lililomtatiza mteja lilifasiriwa hapo hapo kwa mdomo. Huenda ufasiri huo haukuwa sahihi kila mara, ila mteja aliweza kuuliza mara ya pili, na karani aliweza kuona usoni mwake kwamba hajaelewa.

Leo kampuni kadhaa zimelihamishia dirisha hilo mtandaoni. Mwenye nyumba wa Dodoma aliyekwenda Muscat kumwuguza nduguye, au Leicester kusoma, aweza kulipia bima yake, kubadilisha anwani, kupeleka picha za paa lililong'olewa na upepo na kudai fidia, yote hayo kwa simu ya mkononi. Jambo hili ni jema na hatulipingi. Tunalolihoji ni lugha yake. Karani hayupo tena. Istilahi imesimama peke yake kwenye kioo cha simu, na msomaji wake yuko mbali na nyumba yenyewe, mbali na wakala, na pengine usiku wake ni mchana wa ofisi. Istilahi iliyovumilika dirishani huenda isivumilike hapo.

Tumepitia kurasa za Kiswahili za kampuni chache zinazouza bima ya nyumba kwa njia hii. Hatuzitaji, kwa sababu makosa tutakayoyaeleza si ya kampuni moja, na baadhi yake, tukiri, yametokana na kukawia kwetu sisi tunaoshughulika na istilahi.

Tuanze na neno lililotusukuma kuandika makala haya. Mikataba ya bima ya nyumba katika Afrika ya Mashariki imechotwa kwa kiasi kikubwa katika mifano ya London, na mifano hiyo huwa na sharti kwamba nyumba ikikaa muda fulani bila mtu, kinga dhidi ya wizi, uharibifu wa makusudi na maji yavujayo mabombani hupunguzwa au husita kabisa. Katika mikataba ya Uingereza muda huo kwa kawaida ni siku 30 mfululizo, na baadhi ya kampuni huruhusu 60. Sababu yake haina fumbo: bomba likipasuka katika nyumba yenye watu hufungwa saa ile ile, bali katika nyumba isiyo na mtu maji hutiririka hadi dari ianguke. Kwa mtu anayekaa nyumbani kwake sharti hili ni kama halipo. Kwa msafiri ndilo sharti kuu kuliko yote.

Sasa tutazame lilivyotiwa katika Kiswahili. Ukurasa mmoja wasema kwamba kinga ya wizi haitakuwapo endapo nyumba "itaachwa wazi kwa zaidi ya siku 30 mfululizo". Mfasiri hakubuni, kiti kisicho na mtu ni kiti kilicho wazi, na kazi isiyo na mtu ni nafasi wazi. Lakini mlango usiofungwa nao u wazi, na msomaji anayesoma habari za wizi ataielekea maana hii ya pili bila hata kusita. Tumchukulie mwalimu anayekwenda ng'ambo kwa mafunzo ya miezi mitatu. Anasoma sharti hilo uwanjani akingoja ndege. Anajisemea kwamba yeye si mpumbavu wa kuiacha nyumba wazi: ametia makufuli mawili na ufunguo amemwachia shemeji yake. Siku ya arobaini wezi wanavunja dirisha la nyuma. Anaandika dai lake akiwa huko huko, anaambatisha picha alizotumiwa na shemeji, na anajibiwa kwamba nyumba "iliachwa wazi". Atakasirika na kuona anasingiziwa uzembe. Ukweli ni kwamba yeye na kampuni walikuwa wakizungumza maneno mawili yenye umbo moja.

Yafaa ieleweke kwamba utata huu hauiumizi pande moja tu. Katika sheria tuliyorithi kwa Waingereza imo kanuni kwamba neno la mkataba lenye utata husomwa dhidi ya yule aliyeliandika. Na kwa kuwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, hakuna ajuaye ni lini hakimu ataombwa aamue "wazi" ni wazi gani. Kampuni inayodhani imejikinga kwa sharti hilo huenda ikakuta kwamba haikujikinga.

Lipi basi litumike? Kurasa nyingine zina "nyumba tupu". Hili lina sifa ya kutochanganywa na mlango, lakini lina udhaifu wake. Nyumba ya mwalimu wetu si tupu: vitanda vimo, kabati limo, televisheni imo, na ndivyo vilivyowavuta wezi. Isitoshe, lugha ya bima hutofautisha nyumba yenye vyombo ambayo wenyewe hawapo na nyumba isiyo na watu wala vyombo. Ingekuwa heri "tupu" libakizwe kwa hiyo ya pili, ambayo kwayo linafaa kikamilifu. Mtu mmoja alitupendekezea "ukiwa", neno zuri mno, lakini nyumba iliyo ukiwa tayari imeota nyasi mlangoni; si nyumba ya mtu aliyekwenda Muscat kwa wiki sita. "Nyumba isiyo na mkazi" ingekubalika lau neno "mkazi" halingekuwa limeshachukuliwa na maofisa wa kodi na wa uhamiaji. Msafiri aweza kujibu kwa haki kabisa kwamba yeye bado ni mkazi wa Dodoma.

Limebaki "nyumba isiyokaliwa", nalo ndilo lililo karibu na shabaha. Hata hivyo tuna wasiwasi nalo kidogo. Kukaa katika Kiswahili ni mambo mengi. Shemeji anayekuja kila Jumamosi, akafungua madirisha, akaketi barazani akanywa chai, amekaa. Kinachotazamwa na kampuni ya bima, tukichunguza vifungu vyenyewe, ni kama kuna mtu anayelala humo. Ndiyo maana tungependelea "nyumba isiyolaliwa". Tunajua litachekwa. Litaonekana ni neno la jikoni lililoingia ofisini. Lakini kitanda kisicholaliwa kila mtu anakijua, na mteja akisoma kwamba kinga itasita "ikiwa nyumba haikulaliwa na mtu kwa siku 30 mfululizo", hatahitaji karani. Atampigia shemeji simu amwombe alale huko usiku mmoja mmoja, au ataiarifu kampuni kabla hajapanda ndege, na hilo la pili ndilo hasa ambalo kampuni ingependa alifanye.

Kuna swali ambalo istilahi yoyote kati ya hizi italazimika kukabiliana nalo, na ambalo mifano ya London haikulifikiria: mlinzi. Nyumba nyingi za mijini kwetu zina mlinzi anayekesha uani au mtumishi anayelala chumba cha nje. Je, nyumba hiyo imelaliwa? Kwa desturi zetu nyumba yenye mtu uani si nyumba iliyoachwa. Kwa maneno ya mkataba, uani huenda si nyumbani. Hapa mfasiri hana mamlaka ya kuamua, lakini ana wajibu wa kumrudishia mwandishi wa mkataba swali hilo kabla ya kutafsiri. Katika kurasa tulizopitia hatukuona hata moja iliyolijibu.

Tuje kwenye vitenzi, maana msafiri aliye mbele ya simu huendeshwa na vitenzi kuliko nomino. Kiswahili husema "kukata bima" kama kisemavyo kukata tiketi na kukata rufani, na hatuoni sababu ya kulitupa neno lililokubaliwa na watu. Ila kukata ni pia kukomesha: tunakata simu, shirika linakata umeme. Karani alipomwambia mteja "bima yako imekatwa" huku akimkabidhi hati, hapakuwa na shaka yoyote. Maneno yale yale yakimfikia mtu Leicester kwa ujumbe mfupi wa simu, bila hati wala uso wa karani, yaweza kumnyima usingizi. Tungeshauri "kukata" kuachwe katika mazungumzo na matangazo, na ujumbe wa kampuni useme "bima yako imeanza tarehe fulani", na upande wa pili "bima yako imefutwa".

Lenye hatari zaidi ni "kuhuisha". Neno hili, ambalo maana yake ya asili ni kukipa kitu uhai, limependwa sana na ofisi zetu, hata sasa limebeba mizigo miwili. Leseni huhuishwa, yaani hupewa muda mpya. Taarifa nazo huhuishwa, yaani hurekebishwa ziendane na wakati. Katika ukurasa mmoja tulikuta kitufe cha "Huisha" juu ya jina na nambari ya simu ya mteja, na kingine cha "Huisha" chini yake, palipo na tarehe ya mwisho ya bima. Mteja anayebadilisha nambari yake ya simu kwa sababu ametia laini ya ugenini atabofya, atajibiwa "umehuisha kikamilifu", na atalala akiamini kwamba bima yake imepata mwaka mwingine. Mizigo hii haina budi kugawanywa. Kwa taarifa "kurekebisha" latosha. Kwa bima tunaona "kuongeza muda" ni wazi zaidi (kwa maana nzuri ya neno hilo), na "kuhuisha" libaki kwa bima iliyokwisha kufa, kwa sababu ya kutolipiwa, kisha ikafufuliwa. Hapo ndipo lilipokuwa likielekea tangu mwanzo.

Kuhusu "sera ya bima" tutasema machache, ingawa ndilo kosa lililoenea kuliko yote. Kiingereza kina maneno mawili yanayoandikwa "policy". Moja ni mwelekeo wa serikali au chama, na asili yake ni neno la Kigiriki lihusulo mji na utawala wake. Jingine ni hati ya bima, na lilipitia Kiitalia kutoka neno lenye maana ya ushahidi au stakabadhi. Yamekutana kwa sura tu, kama watu wawili wasio na udugu wanaofanana. Aliyeandika "sera ya bima" ametafsiri neno ambalo halikuwamo katika sentensi. Wengine wamejaribu kuliswahilisha kwa matamshi wakapata "polisi ya bima", na dai la wizi linapohitaji ripoti ya polisi vurugu hukamilika. "Hati ya bima" lipo, ni fupi, na linasema kweli.

Kosa la jamaa hiyo hiyo ni "kanuni ya wastani". Nyumba ikiwa na thamani ya shilingi 200,000,000, na mwenyewe ameikatia bima ya 120,000,000 tu, moto ukila sehemu ya 50,000,000 hatalipwa 50,000,000. Atalipwa kwa uwiano wa 120 kwa 200, yaani 30,000,000. Hakuna wastani wowote uliotafutwa hapo. Neno la Kiingereza lililomponza mfasiri lilianza kwa mabaharia wa Mediterania kwa maana ya hasara ya shehena, na wataalamu wa asili ya maneno hulifuatilia hadi kwenye neno la Kiarabu lihusulo bidhaa zilizoharibika. Hesabu za wastani zilikuja baadaye. "Kanuni ya uwiano" yamweleza mteja kitakachompata. Na msafiri wa miaka mitatu, anayeongeza muda kila mwaka kwa kubofya tu huku bei ya saruji na mabati ikipanda nyumbani, ndiye hasa wa kuelezwa.

Tusije tukaonekana twalaumu tu. "Kupakia" picha na "kupakua" hati, yaliyotoka bandarini na jikoni, yamekaa vizuri hata hayaonekani kuwa ni istilahi. "Dai" na "fidia" hayana ila. Na "bima" lenyewe, lililotufikia kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na ambalo katika Kiajemi asili yake ni hofu, hakuna anayelitilia shaka.

La mwisho ni "mara moja". Karibu kila ukurasa humtaka mteja atoe taarifa ya hasara "mara moja". Maana iliyokusudiwa ni bila kuchelewa, lakini yule aliyeandika ujumbe mmoja, akakaa akingoja jibu lisilokuja, naye ametoa taarifa mara moja. Hapa hatuhitaji istilahi mpya. Inahitajika tarakimu: ndani ya siku 7, au 14, au zozote ambazo kampuni itaamua, zihesabiwe tangu mteja alipopata habari na si tangu hasara ilipotokea, kwa kuwa aliye ng'ambo habari humfikia kwa kuchelewa.

Mapendekezo haya bado hayajasanifishwa. Tungefurahi kupata barua za wasomaji, hasa walimu na maofisa walioko Pwani na Visiwani, watuarifu nyumba ambayo mwenyewe amesafiri na mlinzi analala uani huitwaje huko waliko.