Kutoka "Wateja Sita" hadi "Wamarekani": Jaribio la Chuki ya Dini na Hatari ya Kujumlisha

Mwezi wa Februari 2008 shirika la utangazaji la ABC la Marekani lilionyesha katika televisheni jaribio lililofanywa katika duka moja la mikate huko Texas. Mwigizaji wa kike aliyevaa hijabu aliingia kununua. Mwigizaji mwingine, aliyejifanya muuzaji, akakataa kumhudumia kwa kuwa ni Mwislamu. Kamera zilifichwa, na wateja hawakujua kuwa ule ni mchezo. Kati ya wateja 41, 13 walimtetea mwanamke, 6 walimuunga mkono muuzaji, na 22 hawakusema wala kutenda neno.

Jaribio hili lina sifa yake, maana lawafanya watazamaji wajiulize wangalitenda nini. Lakini hesabu hiyo haina tukio la kulinganishia, mathalan mteja aliyefukuzwa kwa sababu isiyohusu dini. Kwa hiyo hatuwezi kujua kama ukimya wa wale 22 ulitokana na chuki, woga, haraka, au desturi ya kutoingilia ugomvi wa wengine.

Kosa kubwa zaidi hutendeka baadaye, katika lugha ya wasimulizi, na Kiswahili hulirahisisha. Sentensi ya kweli ni hii: "Wateja 6 walimuunga mkono muuzaji." Iondoe tarakimu, nayo yawa "Wateja walimuunga mkono." Kwa kuwa lugha yetu haina kibainishi cha lazima, "wateja" yaweza kuwa baadhi yao au wote. Kisha panua jina na ubadili -li- kuwa hu-: "Wamarekani huwachukia Waislamu." Tukio la siku moja limekwisha kuwa tabia ya taifa, na hapana aliyesema uongo ulio dhahiri katika hatua yoyote.

Tulipime jambo hili kwa mfano wa kwetu. Goweko ni stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya Tabora. Tuseme kamera ifichwe hapo, na abiria watatu wakatae kuketi karibu na mtu wa dini nyingine. Je, tumejua nini juu ya Wanyamwezi, au hata juu ya Goweko? Tumewajua abiria watatu, ambao huenda walipanda Kigoma. Tabia hii ya kujumlisha ni ya zamani katika njia hiyo ya misafara: Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, alieleza katika kitabu chake cha 1860 tabia za Wanyamwezi kwa jumla, ingawa aliwaona kama mpita njia.

Madhara yake si ya kitaaluma tu. Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, mtoto mmoja, katika ubishi na mwenzake, aliikojolea Kurani. Hasira ikawaangukia Wakristo wasiohusika, na makanisa kadhaa yakashambuliwa. Naye asemaye kutokana na hayo kwamba "Waislamu huchoma makanisa" arudia kosa lile lile.

Wahenga walisema, samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hiyo yafaa kwa tenga la samaki. Anayeandika juu ya watu sharti aihifadhi tarakimu, aseme "baadhi" panapostahili, na asitumie hu- mpaka ushahidi umruhusu.