Shamba la Manispaa, Mizani ya Makombo: jinsi miji ya Ulaya inavyofundishana

Ziara ya mafunzo tunaijua. Madiwani wanapanda basi, wanalala hotelini siku mbili tatu, wanapiga picha ya pamoja mbele ya dampo la kisasa la mji wa watu, na wakirudi ripoti inaingia kwenye faili. Ulaya nako ugonjwa huo upo, tena wenzetu wana fedha nyingi zaidi za kuugharamia. Kwa hiyo inafaa kuutazama kwa karibu mtandao mmoja ulioitwa BioCanteens, ambao kati ya 2018 na 2021 ulijaribu kulihamisha jambo moja, chakula cha shule cha kilimo hai, kutoka mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa hadi kwa washirika sita wa nchi nyingine, na kuuliza ni kipi kilikubali kuhama na kipi kiligoma.

Mwenye shughuli alikuwa URBACT, programu ya Umoja wa Ulaya iliyoanzishwa 2002, sekretarieti yake ikiwa Paris. Ilitanguliwa na programu nyingine, URBAN, iliyokuwa ikipeleka fedha kwenye mitaa iliyochakaa: programu 118 katika awamu ya 1994–1999, kisha 70 katika awamu iliyofuata. URBAN ilijenga. URBACT haijengi hata choo. Inalipia watu kukutana, mtaalamu wa kuwaongoza, nauli, na muda wa kuandaa mpango. Bajeti yake yote ya 2014–2020 ilikuwa karibu euro milioni 96 kwa nchi zote za Umoja, kiasi ambacho mji mmoja mkubwa unaweza kukimaliza kwenye kilomita moja ya reli ya chini ya ardhi.

Nyuma yake kuna Mkataba wa Leipzig wa 2007, uliohuishwa Novemba 2020, ambamo mawaziri walikubaliana kwamba nyumba, usafiri, ajira na mazingira visipangwe kila kimoja kivyake na idara yake. Hakuna anayepinga maneno hayo, na hapo ndipo pana shida: kwenye karatasi kila mji wa Ulaya ni jumuishi. Ukitaka kujua kama idara kweli zinafanya kazi pamoja, tafuta uamuzi mmoja uliolazimisha mwingine.

Mouans-Sartoux, ule mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa, una maamuzi ya namna hiyo. Uko kati ya Cannes na Grasse, una wakazi kama 10,000, na uko karibu na pwani ambako kila kiwanja kinatolewa macho na wajenzi wa majumba ya kifahari. Mwishoni mwa miaka ya 1990, hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe iliufanya mji ubadilishe nyama ya ng'ombe ya wanafunzi, ununue ya kilimo hai. Baadaye ukajiwekea lengo zito zaidi: chakula chote cha shule tatu za mji kiwe cha kilimo hai, na kwa kadiri iwezekanavyo kitoke jirani.

Neno "jirani" ndilo lililoleta kazi. Sheria za manunuzi ya umma za Umoja wa Ulaya zimejengwa juu ya soko moja: mzabuni wa Uholanzi ana haki ileile aliyonayo mkulima wa kijiji cha pili. Halmashauri inaweza kudai bidhaa za kilimo hai, kwa sababu hicho ni kiwango chenye cheti. Haiwezi kuandika kwamba karoti zitoke wilaya hii. Afisa manunuzi mjanja ana njia zake, na zote ni halali. Anaigawa zabuni katika mafungu madogo ili mkulima mdogo amudu hata fungu moja la maharage au la matufaha. Anataja aina ya tunda kwa jina. Anadai mboga ifike ndani ya saa chache tangu ivunwe. Anatoa alama kwa mzabuni atakayewakaribisha wanafunzi shambani kwake. Hata hivyo, njia zote hizo zinahitaji kuwe na mkulima wa kilimo hai karibu, mwenye mavuno ya kutosha. Mouans-Sartoux haukuwa naye.

Mji ukaamua kulima wenyewe. Mwaka 2005 ulinunua eneo la Haute-Combe, kama hekta nne kwa kuanzia, na baadaye ukaajiri wakulima, watumishi wa manispaa kama alivyo karani wa masijala. Wengi hulitazama shamba hili wakaona mboga tu, na hapo ndipo ziara za mafunzo hupotea. Shamba ni jibu la kisheria pia. Mji unapojilimia hakuna zabuni ya kutangaza, kwa kuwa hakuna anayeuziwa: karoti inatoka mkono wa kulia wa halmashauri na kuingia mkono wa kushoto. Shamba hilo limefikia kuzalisha takribani asilimia 85 ya mboga zinazohitajika jikoni. Tangu Januari 2012 chakula chote cha mabwalo ya shule hizo tatu ni cha kilimo hai, karibu sahani 1,000 kwa siku ya shule.

Mwaka huohuo wa 2012 likaja jambo ambalo mgeni anayezunguka jikoni halioni kabisa. Halmashauri ilipitisha mpango mpya wa matumizi ya ardhi, na eneo lililotengwa kwa kilimo likapanda kutoka hekta 40 hadi 112. Mtu anaweza kuuliza bwalo la shule lina uhusiano gani na ramani ya mipango miji. Uhusiano ni kwamba meya aliyekwisha kuwaonyesha wazazi sahani ya mtoto wao ana nguvu ya kumkatalia mjenzi kiwanja. Pasipo shamba lililo hai na linaloonekana, kufunga hekta 72 zaidi zisijengwe karibu na pwani ile kungekuwa vita vya kisiasa.

Sasa fedha. Chakula cha kilimo hai ni ghali zaidi, na swali la kwanza la kila mhasibu aliyetembelea mji huo ni fedha zilitoka wapi. Jibu liko kwenye ndoo za makombo. Kabla ya mageuzi kila sahani ilirudisha karibu gramu 150 za chakula kisicholiwa, na baada ya miaka michache zikabaki kama 30. Ipige hesabu hiyo: gramu 120 kwa watoto 1,000 ni kilo 120 kila mchana, na kwa wiki ya siku nne za masomo ni karibu nusu tani ya chakula kilichokuwa kikinunuliwa, kikipikwa, kisha kikitupwa. Fedha iliyookolewa hapo ndiyo iliyoziba pengo la bei. Gharama ya viungo kwa mlo mmoja ilibaki palepale, karibu euro mbili.

Kazi hiyo ilifanywa kwa vitendo vya kawaida kabisa. Mtoto anafika dirishani na kuulizwa ana njaa ndogo au kubwa, naye anapakuliwa kwa kadiri ya jibu lake. Akimaliza, anatenga mabaki mwenyewe, kila aina na chombo chake, na watumishi wa jikoni wanapima na kuandika. Kila siku, siyo kwa wiki maalumu ya kampeni. Mpishi akiona brokoli zimerudi nyingi Jumanne, anajua kabla ya Ijumaa kwamba mapishi yabadilike au kipimo kipunguzwe. Binafsi naiona mizani hiyo kuwa kifaa muhimu kuliko trekta, na nadhani mji wenyewe umechelewa kuisifia kwa sababu haipendezi kwenye picha.

Kuna pia tatizo la msimu. Nyanya na bilinganya hukomaa Julai na Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Mji ukalazimika kugandisha na kusindika mavuno ya kiangazi yatumike wakati wa baridi, na sehemu nyingine ikapelekwa kwenye duka la kijamii la wenye kipato kidogo. Kila jibu lilizaa kazi kwa idara nyingine, hadi mwaka 2016 mji ukaunda chombo maalumu cha elimu ya chakula endelevu ili pawe na mtu mmoja wa kuulizwa.

Hayo ndiyo yaliyotakiwa kuhamishwa. URBACT ilikuwa imeutangaza Mouans-Sartoux mwaka 2017 miongoni mwa miji 97 yenye mfano mwema, kisha ikaunda mitandao ya kuhamisha baadhi ya mifano hiyo. Utaratibu wake ulikuwa na hatua tatu: kuuelewa mfano, kuurekebisha, kuutumia kwako. Hatua ya kwanza ndiyo iliyokuwa ngeni kwa wazoefu wa ziara. Kabla ya safari za kujifunza, mtaalamu kiongozi na mwenyeji walipita kwa kila mshirika wakakagua pale kwao: nani anapika, nani anasaini mkataba, mkataba unaisha lini, jiko ni la nani. Kisha mfano ukavunjwa vipande, jiko na makombo, manunuzi, shamba, elimu, uongozi, ili kila mmoja achukue anachokiweza.

Washirika walikuwa hawafanani hata kidogo. Trikala, Ugiriki, ni mji wa watu kama 80,000 katika nchi ambayo siku ya shule kwa kawaida huisha mapema mchana na mpango wa chakula huendeshwa kutoka serikali kuu. Vaslui uko mashariki ya Romania, nchi iliyowazoesha wanafunzi tangu 2002 mkate mdogo na maziwa kupitia mpango wa taifa. Rosignano Marittimo, Italia, uko kwenye utamaduni mkongwe wa mabwalo ya shule na sheria za taifa za manunuzi ya kijani. Troyan ni mji mdogo wa milimani Bulgaria. Pays des Condruses, Ubelgiji, si mji hata mmoja: ni muungano wa wilaya za vijijini. Na Torres Vedras, Ureno, ulikwisha kuwa na programu yake ya chakula endelevu mashuleni, kwa hiyo ulikuja na vya kufundisha.

Ukiwapanga hivyo unaona mara moja kwamba shamba la manispaa haliwezi kusafiri kama lilivyo. Linadai ardhi, ajira za kudumu, na halmashauri yenye jiko lake. Mji ambao umekabidhi chakula kwa kampuni kwa mkataba wa miaka kadhaa hauna pa kupeleka karoti zake mpaka mkataba uishe. Mizani inasafiri. Inahitaji ndoo, daftari na mpishi mwenye ruhusa ya kubadili kipimo. Hiyo ruhusa ndiyo inayopatikana kwa taabu, maana kwa aliyekodisha huduma, kipimo kimeandikwa ndani ya mkataba na mpishi hana mamlaka ya kukipunguza.

Kwa sababu hiyo URBACT inamtaka kila mshirika awe na kikundi cha nyumbani: mpishi, afisa manunuzi, mwalimu, mzazi, mkulima, mtaalamu wa lishe, na diwani anayebeba jambo hilo kwenye kikao. Anayesafiri anatumwa na kikundi, na akirudi anakuta wenye maswali. Hapa ndipo ninapoona tofauti na basi la madiwani wetu. Diwani hurudi kwenye kata yake, wakati afisa aliyetumwa hurudi kwa mpishi aliyemwambia aulize friji zao zina ukubwa gani.

Mfumo una nyufa, nazo zinajulikana. Mikutano huendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo aghalabu anayepanda ndege ni afisa miradi mwenye lugha, na mpishi anabaki akisubiri kusimuliwa. Uchaguzi nao hausubiri mradi. Bulgaria na Ugiriki zilichagua viongozi wa miji 2019, Ufaransa na Romania 2020, na meya mpya si lazima apende mradi wa mtangulizi wake. Machi 2020 shule zikafungwa kwa korona, mabwalo yakawa tupu, safari zikageuka mikutano ya kompyuta. Makombo hayapimwi kwenye bwalo lisilo na watoto.

Udhaifu mwingine ni wa zamani. Kwa miaka mingi zao kuu la mitandao ya URBACT lilikuwa mpango kazi jumuishi, waraka ambao mji huutafutia mfadhili baada ya mtandao kuvunjika. Baadhi hupata, wengine huuhifadhi. Programu yenyewe ilikwishajisahihisha kiasi: mitandao iliyoanza 2019 ilihimizwa kujaribu hatua ndogondogo kabla mpango haujakamilika, ili uandikwe ukiwa na matokeo ndani yake. Katika jambo kama chakula cha shule hilo ni rahisi, maana unaweza kupima makombo ya bwalo moja kwa mwezi mmoja. Kwenye nyumba za bei nafuu au reli ya mjini sijui hatua ndogo ni ipi, na ningependa wapangaji wa Ulaya waseme wazi kwamba si kila kitu hujaribiwa kwa kijiko.

Lipo pia eneo ambalo kubadilishana uzoefu hakufiki. Sheria ya Ufaransa ya 2018, iitwayo EGalim, ilitaka mabwalo ya umma yafikishe asilimia 20 ya bidhaa za kilimo hai ifikapo 2022, lengo ambalo Mouans-Sartoux ulilipita miaka kumi kabla. Hiyo ni dola kuufuata mji. Kwenye manunuzi hali ni kinyume. Hata miji saba, au sabini, ikikaa mezani na kugundua kwamba kikwazo chao ni kimoja, yaani kutoruhusiwa kuandika "kutoka hapa" kwenye zabuni ya chakula, haina mamlaka ya kukiondoa. Mouans-Sartoux na wenzake wamekuwa wakidai chakula kitengewe masharti yake katika sheria za manunuzi za Umoja wa Ulaya. Hilo haliamuliwi na afisa manunuzi wala na mpishi, na mpaka liamuliwe Brussels, mji usio na shamba lake utaendelea kukata zabuni katika mafungu ya maharage na matufaha.